Ngome za Pwani na Wageni wa Mlimani



Ndugu zetu wapenzi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika ukurasa huu wa familia. Juma lililopita tulikuwa ugenini. Tulialikwa na jamaa zetu wa Kiislamu wa Embu na Meru, tukapanda gari Nairobi, tukapita mashamba ya mpunga ya Mwea, tukapumzika Embu, kisha tukaufuata ule mwendo wa kupanda na kushuka mabonde kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu mpaka mjini Meru. Sisi tuliozaliwa karibu na bahari tulijikunyata kwa baridi ya asubuhi, na wenyeji wetu walitucheka kwa upole, wakatuletea chai ya maziwa na mashuka ya ziada.

Mtaa tuliofikia unaitwa Majengo. Jina hilo halikutushangaza, kwani katika miji mingi ya bara mtaa wa Waislamu wa kale huitwa hivyo. Humo utawakuta wajukuu wa wafanyabiashara wa misafara, wa askari wa zamani, na wa wenyeji wa mlimani waliosilimu vizazi vingi vilivyopita. Adhana ni ile ile, harufu ya udi ni ile ile, na leso zilizoanikwa uani zina misemo kama zile za kwetu.

Baada ya swala ya alasiri akina mama walikusanyika. Shauri lao lilikuwa moja: likizo ya mwisho wa mwaka wanataka kuwateremsha watoto Pwani, pamoja na waume na kaka zao, wakazione ngome za kale. Wengi wao wamefika Mombasa kwa arusi na kwa matanga, lakini hawajawahi kuingia ndani ya Fort Jesus. Wakatuuliza maswali ya kawaida ya msafiri: tutaswali wapi, tule wapi, watoto wavae nini, Lamu ni mbali kiasi gani. Tukawajibu kwa furaha, maana nani asiyependa kusifia kwao?

Hapo binti mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa ameketi kimya karibu na bibi yake, akauliza, "Bibi, hiyo ngome ndiyo nyumba ya wale watu wa nguo nyekundu?"

Mama yake akamkonyeza anyamaze. Bibi akatabasamu kidogo, akatazama chini. Nasi tuliokuwa tukizungumza kwa wingi wa maneno tukajikuta hatuna neno.

Kwa wasomaji wetu wa Pwani ambao hawalijui jambo hili, inafaa tueleze. Wameru wana simulizi ya asili yao, inayopokelewa na wazee na kufundishwa kwa watoto. Husema kwamba zamani waliishi mahali paitwapo Mbwaa, penye maji mengi yaliyokuwa yakienda na kurudi. Wakaja watu wanaoitwa Nguo Ntuni, yaani watu wa nguo nyekundu, wakawatia utumwani. Angalieni kwamba neno "nguo" ni lile lile letu. Mabwana hao wakawapa kazi zisizowezekana: watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, wafue mkuki unaofika mbinguni. Walipoona kwamba mwisho wa mitihani hiyo ni kifo, wakatoroka usiku wakiongozwa na mzee wao. Wakafika kwenye maji, na mzee akayapiga kwa fimbo, yakapasuka, wakapita. Waliovuka gizani wakawa ukoo wa weusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, na waliovuka mchana wakawa weupe. Koo hizo zinatajwa mpaka leo.

Msomaji Mwislamu hawezi kuisikia habari hiyo bila kumkumbuka Nabii Musa, amani iwe juu yake, na Bani Israili mbele ya bahari. Ila katika simulizi hii Firauni anatoka upande wa Pwani, na wako wanaosema kwamba Nguo Ntuni walikuwa Waarabu. Wengine husema walikuwa Wareno. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wengi wa Meru, aliiona Mbwaa kuwa katika kisiwa cha Manda, kinachotazamana na Lamu, na safari hiyo huwekwa karibu na mwanzo wa karne ya 18. Kwa upande wao Waembu wana kisa kingine cha asili, cha Mwenendega na msitu wake mtakatifu karibu na Runyenjes, lakini watoto wa Embu na Meru husoma darasa moja na husikia visa vya wenzao.

Basi swali la binti yule halikuwa utovu wa adabu. Lilikuwa swali la mtoto Mwislamu na Mmeru, anayeambiwa upande mmoja kwamba Pwani ndiko dini yake ilikoingilia nchini, na upande mwingine kwamba Pwani ndiko mababu zake walikofungwa. Anataka kujua atakapoingia langoni mwa ngome aingie kama mwenye nyumba, kama mgeni, au kama mtoto wa mtoro. Tukinyamaza, atajibiwa na wengine, na huenda jibu lao likamtoa katika moja ya nyumba zake mbili.

Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia. Hakutuambia tutazame mazuri peke yake. Kwa hiyo tukamwita binti akae katikati yetu, tukamsimulia ngome kama tunavyoijua.

Tukamwambia: Fort Jesus haikujengwa na Waarabu wala Waswahili. Ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa akiwatumikia. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala, mwenye kichwa, mikono na miguu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na zilijengwa ili anayeishika ngome aishike bandari, na anayeishika bandari aishike biashara ya pwani hii.

Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan aliwaangusha Wareno humo. Huyu alichukuliwa angali mtoto, baada ya baba yake kuuawa, akalelewa Goa, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa atawale chini yao. Alipoinuka alirudi katika dini ya baba zake, na wengi wetu tulikua tukimsikia akitajwa kama shujaa. Lakini tunapowasimulia watoto tusikate kisa katikati. Siku zile waliuawa pia watu wasiokuwa na silaha, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao, na wenyeji waliokuwa wameingia Ukristo. Dini yetu imekataza kuwaua wanawake na watoto vitani, na katazo hilo halifutwi na uchungu wa yatima, hata uwe mkubwa namna gani.

Kisha wakaja Waomani. Waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Ndani ya kuta njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Wareno wenyewe hawakuwa peke yao humo. Walikuwamo pia watu wa pwani hii waliochagua upande wao, kama vile wengine walivyochagua upande wa Oman. Merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa baharini vinaonekana leo katika chumba cha makumbusho. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakaondoka mwaka uliofuata. Mazrui wakatawala, wakagombana na Busaidi, na mwaka 1837 Seyyid Said akaitia ngome mkononi. Waingereza wakaigeuza gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Binti akasikiliza, akauliza tena, "Kwa hiyo kila aliyeingia alimfukuza mwenzake?" Tukamwambia, naam, ndivyo. Na hapana hata mmoja kati yao aliyekaa.

Lakini bado hatukuwa tumejibu habari ya utumwa, na hapo tuliona haya kuruka. Pwani yetu ilifanya biashara ya watu. Mashamba ya karne ya 19, ya Malindi, Mombasa na kwingineko, yalilimwa na mikono ya watumwa, na mabwana wengi walikuwa Waislamu waliokuwa wakiswali swala tano. Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kuizuia biashara hiyo baharini mwaka 1873, na sheria ya kuuondoa utumwa katika pwani ya Kenya haikuja mpaka mwaka 1907. Wapo miongoni mwetu waliowahi kusikia kwa bibi zao nani katika ukoo aliitwa mungwana na nani aliitwa mtumwa, na arusi ngapi zilivunjika kwa ajili ya neno hilo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimpandisha Bilal juu ya Al-Kaaba aadhini. Kama waliokuja baadaye walipindua mafunzo hayo, kosa ni la waliopindua, na sisi hatuna haja ya kulificha ili kuilinda dini. Dini haihitaji uongo wetu.

Bibi yule akainua uso, akasema maneno ambayo tumerudi nayo nyumbani: "Mimi nimezaliwa Mwislamu, na mama yangu alizaliwa Mwislamu. Lakini nikifika Pwani huulizwa nimesilimu lini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kisa cha Mbwaa."

Wasomaji wetu, tulitahayari. Ni nani kati yetu hajawahi kuuliza swali hilo, au kulisikia likiulizwa sebuleni mwake, akanyamaza? Tunawapokea wageni wa bara kwa biriani na kwa maneno matamu, kisha twawapima kwa matamshi yao na kwa namna wanavyojifunga leso. Ukuta wa namna hiyo hauonekani, lakini umezuia watu wengi kuliko ukuta wa Wareno.

Kwa hiyo tukawashauri wasiishie Mombasa. Wenye nafasi na waende mpaka Lamu, ambako ngome ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya vita vya Shela, kwa msaada wa Oman. Nayo ikawa gereza, ikaendelea hivyo hadi miaka ya 1980, na sasa ni mahali pa makumbusho na mikutano ya mji. Kisha wavuke mpaka Manda wenyewe, wakaone magofu ya Takwa: msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lenye maandishi ya tarehe ya mwishoni mwa karne ya 17. Mji ule ulihamwa karibu na wakati ule ule ambao simulizi ya Wameru huwekwa. Chombo hupita katika mkondo wa mikoko maji yanapojaa tu. Yakitoka, njia hufungika. Mtoto wa Meru atakapoketi chomboni akingojea maji yarudi, ataelewa kwa macho yake yale maji ya bibi yake yaliyokuwa yakienda na kurudi.

Na yako mengine huko Manda. Katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, na kisiwa cha Manda kilikuwa na kambi ya kizuizini. Mwandishi Gakaara wa Wanjau alikuwa mmoja wa waliozuiliwa huko Takwa. Kwa hiyo watu wa mlimani waliletwa kisiwani humo kwa nguvu, katika zama ambazo wazee wengi wangali wanazikumbuka. Safari hii watoto wao watakwenda kwa hiari, na watarudi wakitaka.

Sasa tuseme machache kwa wanaojiandaa, kwani akina mama wa Embu na Meru walituomba tuyaandike ili na wengine wafaidike.

Msafiri wa kutoka Meru au Embu kwenda Mombasa anastahiki ruhusa za safari: Adhuhuri, Alasiri na Isha huswaliwa rakaa mbili mbili, Magharibi hubaki tatu, na anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Anayenuia kukaa siku nne kamili huko aendako huswali kamili tangu afikapo; wenye shaka wamuulize mwalimu wao kabla ya kuondoka. Wafundisheni watoto dua ya safari mkiwa bado nyumbani, si kituoni penye makelele.

Wanaopanda treni Nairobi wajue kwamba kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, basi wapange usafiri wa kuingia mjini mapema. Chukueni vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni, wala cha mtoto si sawa na cha mkubwa.

Ngomeni nendeni asubuhi. Jua la saa sita likipiga juu ya mawe yale, mtoto wa mlimani hataona historia, ataona kivuli tu. Viatu viwe vya chini na vilivyofunga mguu, kwa sababu ngazi ni za kale na matumbawe hukata. Mama aliyevaa buibui refu alishike upindo anapopanda kwenye buruji. Chukueni maji. Mkimtaka mtembezaji, mchagueni mwenye kitambulisho, na mpatane naye bei kabla hajaanza kusimulia. Waonyesheni watoto michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno waliokuwa wakilinda zamu, na maandishi yaliyochongwa katika mbao za baraza ya Waomani. Mwache kila mtoto achague kitu kimoja cha kwenda kukisimulia nyumbani.

Kwa swala, Mji wa Kale uko hatua chache tu, na misikiti yake ni mingi, ukiwemo wa Mandhry, mmoja wa ile ya kale kabisa mjini. Lakini si kila msikiti wa kale una nafasi ya wanawake. Ulizeni mapema, na mkikosa, hodi katika nyumba ya Mji wa Kale si aibu, mkeka hautakosekana.

Wanaokwenda Lamu hufika Mokowe kwa gari, kisha huvuka kwa boti. Hakikisheni kila mtoto amevaa boya kabla ya boti kuondoka, hata kama nahodha atasema bahari ni shwari.

Na ninyi mtakaowapokea, wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, nanyi mna sehemu yenu. Msiwaulize wamesilimu lini. Waulizeni wametoka salama, wamelalaje njiani, mvua zimenyesha kwao. Mkikaa nao baada ya chakula, waombeni wawasimulie Mbwaa, nanyi msikilize mpaka mwisho bila kuwakatiza kwa kujitetea. Watoto wenu na wasikilize pia. Mtoto wa Pwani ambaye hajawahi kusikia kwamba kuna watu wanaoikumbuka pwani yake kama mahali walipotoroka, bado hajaijua pwani yake.

Tulipoaga Meru kulikuwa na ukungu, na mlima haukuonekana. Binti yule alikuja garini na mama yake. Tukamuuliza kama bado anataka kwenda Ngomeni. Akafikiri, akasema anataka, lakini atakwenda na bibi yake, na bibi ndiye atakayetangulia kuingia langoni.

Tumeahidi kumngojea pale mlangoni, Inshaallah. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarudishe salama, atusamehe yaliyotendwa na waliotutangulia na yale tunayoyatenda sisi kwa ulimi, na atujaalie majumba yetu yawe na milango mipana kuliko kuta. Amin.